Habari za Kambi ya Mateka ya Nanyuki, na Mafundisho Yake Kwetu



Katika siku za Yubilei desturi yetu ni kuhesabu makanisa yaliyojengwa, shule zilizofunguliwa na watu waliobatizwa. Kufanya hivyo ni haki, kwa maana shukrani isiyokuwa na hesabu hupotea upesi kama umande. Lakini sisi tumeombwa kusema habari nyingine, nayo ni habari ya kambi ya wafungwa. Labda wako watakaouliza: Mambo ya kambi yana nini na sikukuu? Twawajibu hivi: Nyeri ilifanywa Jimbo kamili mwezi wa Machi, mwaka 1953, na wakati ule ule nchi yetu ilikuwa ikijaa kambi. Tena miaka kumi kabla ya hapo, chini ya mlima wetu Kirinyaga, palikuwa na kambi nyingine, ya watu wengine. Mtu akisimulia habari za nyumba yetu na kuziruka kambi hizi, amesimulia nusu tu.

Basi tutasema kwanza habari za kambi ya Nanyuki, ambamo Waitalia walifungwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Halafu tutasema habari za kambi ambazo wazee wetu wenyewe walifungwa ndani yake. Mwisho tutaweka habari hizi mbili katika mizani moja, tuone zinatufundisha nini.

1. Jinsi mateka walivyofika

Mateka hawa walitoka Uhabeshi, na hatuwezi kusema habari zao kwa haki bila kutaja mambo yaliyotendeka huko. Mwezi wa Oktoba, mwaka 1935, majeshi ya Italia yaliingia Uhabeshi kwa amri ya Mussolini. Ndege zao zilimwaga sumu juu ya askari na juu ya wanakijiji, sumu iliyochoma ngozi na macho. Mwezi wa Mei, mwaka 1936, wakauteka mji wa Addis Ababa. Mwaka uliofuata, katika mwezi wa Mei, watawa wa Debre Libanos waliuawa kwa mamia kwa amri ya Graziani, aliyekuwa mtawala wa Kiitalia. Wale waliouawa walikuwa Wakristu, na waliowaua walikuwa wamebatizwa. Jambo hili ni zito kulisema katika sikukuu, lakini ni kweli.

Tarehe 10 Juni 1940 Italia ikaingia katika Vita Kuu upande wa Ujerumani. Mwanzoni mwa mwaka 1941 majeshi ya Waingereza yakavuka mpaka wa Kenya kwenda kaskazini. Wasidhani watoto wetu kwamba majeshi hayo yalikuwa ya Wazungu tu. Walikuwamo askari wa K.A.R., ambao wazee wetu waliwaita Keya, waliotoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Walikuwamo na askari wa Nigeria na wa Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, pamoja na majeshi ya Afrika Kusini. Mogadishu ukaanguka mwezi wa Februari, na Addis Ababa ukaanguka tarehe 6 Aprili 1941. Mwezi wa Mei Mfalme Haile Selassie akarudi katika mji wake. Mwezi huo huo Amedeo, Mtawala wa Aosta, aliyekuwa amemfuata Graziani katika cheo chake, alijitoa mikononi mwa Waingereza katika mlima wa Amba Alagi. Ngome ya mwisho, Gondar, ikaanguka mwezi wa Novemba.

Ndipo mateka wakaletwa Kenya kwa makumi ya maelfu. Kambi zikajengwa mashambani na nyikani: Nanyuki, Gilgil, Naivasha, Londiani, Eldoret, Ndarugu na mahali pengine. Ya Nanyuki iliitwa Kambi ya 354.

2. Maisha ya kambini

Kambi ilikuwa mabanda yaliyozungukwa na seng'enge, na nje ya seng'enge askari wa Kiafrika walilinda chini ya maafisa wa Kiingereza. Tufikiri kidogo juu ya jambo hili. Mwaka mmoja kabla, Mwitalia alikuwa bwana katika nchi ya Waafrika. Sasa Mwafrika ameshika bunduki, na Mwitalia anaomba ruhusa ya kupita mlangoni. Wahenga walisema: Kuishi kwingi ni kuona mengi.

Mateka hawa hawakuachwa bila sheria. Mwaka 1929 mataifa mengi yalikuwa yametia sahihi Mapatano ya Geneva juu ya mateka wa vita. Mapatano hayo yaliamuru kwamba mateka alishwe na kutibiwa na yule aliyemshika. Yaliamuru kwamba asizuiwe kushika dini yake, na kwamba asipigwe kuwa ni adhabu. Tena yalisema kwamba mateka akitoroka na kukamatwa, adhabu yake iwe ya nidhamu tu, na kifungo chake kisipite siku 30. Twaomba mkumbuke maneno haya, kwa sababu tutayarudia.

Pamoja na sheria hiyo, kufungwa ni kufungwa. Mmoja wa mateka wa Nanyuki alikuwa Felice Benuzzi, mtu aliyezaliwa Vienna mwaka 1910 na kukulia Trieste, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Kiitalia huko Uhabeshi. Baada ya vita alitunga kitabu juu ya maisha yale, kikapigwa chapa kwa Kiitalia mwaka 1947. Ndani yake aonyesha kwamba adui mkubwa wa mfungwa hakuwa njaa wala baridi. Adui alikuwa siku isiyo na kazi, inayofuatwa na siku nyingine isiyo na kazi, wala mwisho wake haujulikani. Mtu mwenye kifungo cha miaka miwili huhesabu siku zake. Mateka wa vita hana cha kuhesabu.

3. Watu watatu waliopanda mlima

Siku moja mawingu yalifunguka, na Benuzzi akauona mlima juu ya seng'enge. Sisi tuliozaliwa chini ya Kirinyaga twajua maana ya kuuona asubuhi, wakati theluji inapong'aa. Wazee wetu walisali wakiuelekea. Mgeni huyu naye aliutazama, akaamua kutoka kambini aupande, na akiisha kuupanda, arudi tena kifungoni. Kukimbia kabisa hakukuwezekana kwa urahisi, kwa maana nchi ya karibu isiyokuwa vitani ilikuwa Msumbiji ya Wareno, mbali mno. Hakutafuta uhuru wa maisha yake yote. Alitafuta siku chache za kuwa mtu mwenye kazi na nia yake.

Alipata wenzi wawili, Giovanni Balletto, aliyekuwa daktari, na Vincenzo Barsotti. Kwa miezi mingi walitengeneza vyombo vyao kwa siri. Nyundo ziligeuzwa kuwa sululu ndogo za kuchimbia barafu. Vipande vya chuma kikuukuu viligeuzwa kuwa meno ya kufunga chini ya viatu, wasiteleze. Kamba za vitanda zilisukwa kuwa kamba za kupandia. Ramani hawakuwa nayo. Walikuwa na picha ya mlima iliyobandikwa juu ya kopo la nyama. Chakula walikiweka akiba kidogo kidogo kutoka katika posho yao. Ufunguo wa mlango waliugeza, wakachonga mwingine mfano wake.

Tarehe 24 Januari 1943 wakatoka. Wakaifuata njia ya mto Nanyuki, wakapita msitu wenye faru, tembo na nyati, wala hawakuwa na silaha ya maana. Barsotti akaugua, akabaki chini katika hema. Benuzzi na Balletto wakajaribu kukifikia kilele cha Batian, chenye urefu wa meta 5,199, wakashindwa kwa theluji na ugumu wa mwamba. Tarehe 6 Februari wakafika juu ya kilele cha Lenana, chenye meta 4,985, wakasimamisha bendera ya nchi yao. Wakashuka wakiwa hawana chakula, miguu ikitetemeka. Tarehe 10 Februari wakajirudisha kambini kwa hiari yao.

Mkuu wa kambi akawahukumu siku 28 za kufungwa peke yao. Baada ya siku 7 akawafungulia, kwa kuwa alipendezwa na ushujaa wao.

Ndugu wapenzi, habari hii imesimuliwa duniani kote, na watu huifurahia. Nasi twaifurahia. Lakini tusiifurahie kama watoto wanaosikia hadithi, ambao mwisho ukiwa mwema hawaulizi zaidi. Tuulize: Kwa nini watu hawa watatu walirudi wakiwa hai, wakaadhibiwa kwa kiasi, wakaisimulia habari yao wenyewe? Bidii yao ni sababu moja. Lakini iko na sababu ya pili, nayo ni kubwa kuliko ya kwanza: aliyewashika aliwahesabu kuwa watu, na sheria ilimkumbusha kuwahesabu hivyo.

4. Kanisa la njiani na kaburi la Nyeri

Mateka wengine walitolewa kambini kufanya kazi za barabara. Barabara inayoshuka ukingo wa Bonde la Ufa, kutoka upande wa Limuru kwenda Mai Mahiu na Naivasha, ilifanywa kwa mikono yao. Chini ya mteremko, kando ya njia, wakajenga kanisa dogo mwaka 1942. Ni dogo hata watu wachache wakiingia limejaa. Msafiri akipita kwa gari aweza kulikosa kwa kufumba macho.

Tulipolitazama kanisa lile tulijiuliza: Mtu aliyechoka kuvunja mawe ya barabara mchana kutwa, kwa nini aombe ruhusa ya kubeba mawe mengine tena? Hakuna aliyemlazimisha, wala hakujenga ili akae. Lakini mfungwa ana njaa mbili, ya mkate na ya kufanya jambo lililo lake mwenyewe. Barabara ilikuwa ya serikali. Kanisa lilikuwa lao na la Mungu. Leo barabara twaitumia, na katika kanisa twaweza kusali, nao wajenzi wamekwisha kuondoka. Mwitalia aliyekuja Afrika kwa vita akaacha nyumba ya sala. Hili halifuti mambo ya Debre Libanos. Lakini latuonyesha kwamba Mungu hachoki kumngojea mtu, hata ndani ya seng'enge.

Wengi hawakurudi kwao. Mtawala wa Aosta, aliyekuwa amewekwa kizuizini Ol Donyo Sabuk, aliugua, akafa Nairobi tarehe 3 Machi 1942. Akazikwa Nyeri, karibu na askari wake. Baada ya vita likajengwa hapo kanisa la ukumbusho, likamalizika mwaka 1952. Ndani yake imewekwa mifupa ya askari wa Kiitalia zaidi ya 600, waliokufa katika nchi hii, na majina yao yameandikwa ukutani. Ni kazi nzuri. Mama aliyempoteza mwanawe mbali aweza kujua kwamba jina lake lipo mahali fulani, na kwamba liko altare mbele yake.

5. Wamisionari walipozuiliwa

Katika miaka ile ile Kanisa letu nalo lilijaribiwa. Mapadre wa Consolata, waliofika Tuthu kwa Mzee Karuri mwaka 1902, na Masista waliowafuata baadaye, walikuwa Waitalia. Italia ilipoingia vitani wakahesabiwa kuwa raia wa taifa adui, na wengi wakazuiliwa. Watu waliokuwa wakiwaita Baba na Mama wakaona askari wanakuja kuwachukua.

Katika vijiji vingi mzigo wa sala na mafundisho ukawaangukia makatekista. Hawakuweza kusoma Misa, lakini waliweza kupiga kengele. Waliweza kuongoza Rozari, kufundisha watoto Sala ya Bwana, kubatiza waliokuwa katika hatari ya kufa, na kuwazika wafu kwa heshima. Sisi makatekista wa leo twasimama juu ya mabega ya wazee hao, ambao wengi wao majina yao hayakuandikwa ukutani popote. Walikuwa watu wa kwanza wa nchi hii kujifunza kwamba Kanisa si la Wazungu. Kwa kuwa Wazungu walipoondolewa, Kanisa lilibaki.

6. Kambi za watu wetu

Tumesema kwamba kanisa la ukumbusho la Nyeri lilimalizika mwaka 1952. Mwaka huo huo, tarehe 20 Oktoba, serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari, kwa sababu ya vita vya Mau Mau vya kudai ardhi na uhuru. Ndipo seng'enge ikarudi. Safari hii waliofungwa hawakutoka ng'ambo.

Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliuzunguka mji wa Nairobi, wakakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu, wakawapeleka Langata, Mackinnon Road na Manyani. Kutoka huko walipitishwa kambi baada ya kambi mpaka waungame kiapo. Wanawake walifungwa Kamiti. Vijijini zaidi ya watu milioni moja walilazimishwa kuacha nyumba zao, wakakaa pamoja katika vijiji vilivyozungukwa na handaki na miti iliyochongwa ncha. Serikali yenyewe ilikubali kwamba waliowekwa kizuizini bila hukumu walikuwa karibu 80,000. Wako wanahistoria waliosema kwamba walizidi sana.

Walimu wenzetu, hamhitaji kwenda mbali kuziona kambi hizo. Shule ya wasichana ya Kangubiri imesimama mahali palipokuwa Kambi ya Aguthi. Shule ya Mweru ilikuwa Kambi ya Mweru. Mtoto anaandika hesabu mahali ambapo babu yake alihesabiwa kila asubuhi.

Sasa turudie yale Mapatano ya Geneva. Wafungwa hawa hawakupewa kinga yake, kwa sababu serikali haikuviita vita kuwa vita. Waliita Hali ya Hatari, na wafungwa hawakuitwa mateka. Kwa kubadili jina tu, mtu alitolewa ndani ya sheria. Yule Mwitalia aliyetoroka akajirudisha alipata siku 28, akafungwa 7. Lakini huko Hola, katika nchi ya mto Tana, wafungwa walipokataa kufanya kazi ya kuchimba mfereji, walipigwa mpaka 11 wakafa. Tangazo la kwanza likasema kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi ukaonyesha kwamba walikufa kwa mapigo. Habari hiyo ikafika mpaka Bunge la Uingereza mwaka 1959. Na siku yenyewe waliyopigwa ilikuwa tarehe 3 Machi 1959: tarehe ile ile aliyokufa Mtawala wa Aosta, miaka 17 kabla.

Wahenga walisema: Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Taifa lile lile lililomfungulia Mwitalia kwa sababu ya ushujaa wake liliwafungia hawa ndani ya mapigo. Sheria ya kumheshimu mfungwa ilijulikana, kwa kuwa ilikuwa imetumika miaka 16 tu kabla, katika nchi hii hii.

Lakini tusiwalaumu wageni peke yao, tukajisafisha. Huko Hola amri ilitoka kwa maafisa Wazungu, na mikono iliyoshika rungu ilikuwa ya Waafrika kama sisi. Katika vijiji vyetu mlinzi na mfungwa walitoka pengine katika ukoo mmoja, wakabatizwa katika kisima kimoja. Wako Wakristu waliouawa kwa kukataa kiapo, na wako Wakristu walioteswa kwa kudhaniwa wamekula kiapo. Wako viongozi wa dini waliopaza sauti juu ya mateso, na wako wengi walionyamaza. Jimbo letu lilizaliwa katika miaka hiyo. Tulipewa jina la Jimbo wakati ndugu alipokuwa akimlinda ndugu kwa bunduki.

7. Mafundisho kwetu

Ndugu wapenzi, hatukusema haya ili kutonesha vidonda. Kidonda kilichofunikwa bila kusafishwa huoza ndani. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilisema Bungeni mwake kwamba yasikitika kwa mateso yaliyotendeka, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Wazee walioishi mpaka kuisikia siku hiyo walingoja zaidi ya miaka 50. Wengi zaidi walikuwa wamekwisha kufa.

Kuna mambo matatu twataka tuyachukue kwenda nayo nyumbani.

Jambo la kwanza lawahusu walimu. Wafundisheni watoto habari zote mbili pamoja. Mtoto asikie ya watu watatu waliopanda mlima na bendera yao, apendezwe. Tena asikie ya watu 11 wa Hola, anyamaze kidogo. Akiisikia ya kwanza tu, atadhani kifungo ni mchezo. Akiisikia ya pili tu, atadhani kwamba mlinzi hawezi kuwa mtu mwema. Akizisikia zote mbili atajua kwamba kambi ni seng'enge ile ile, na kinachogeuka ni moyo wa anayeshika ufunguo. Na huenda siku moja ufunguo utakuwa mkononi mwa mtoto huyo.

Jambo la pili ni la kila familia. Wako wajukuu wa walinzi na wajukuu wa wafungwa wanaokaa katika benchi moja Jumapili, wakapeana amani ya Kristu kwa mkono. Tusiwarithishe uadui, wala tusiwarithishe uongo. Mzee aliyebaki mwenye habari aulizwe kwa upole, na maneno yake yaandikwe. Waitalia zaidi ya 600 wana majina yao ukutani Nyeri. Twamshukuru Mungu kwa ajili yao. Basi majina ya watu wetu tuyaandike wapi? Kila parokia iliyokuwa na kambi au kijiji cha handaki iweze angalau kuwa na kitabu kimoja cha majina, kikae karibu na kitabu cha ubatizo. Kwa maana wengi wao wameandikwa tayari katika kile cha ubatizo.

Jambo la tatu ni la leo. Gereza liko King'ong'o, liko na Nanyuki. Bwana wetu hakusema kwamba siku ya mwisho atatuuliza habari za wafungwa wa zamani. Atatuuliza juu ya yule ambaye tungaliweza kumwendea. Mfungwa wa leo naye ana njaa mbili. Ampelekeaye sabuni na mkate amefanya vema. Ampelekeaye na kazi, kitabu, au barua kutoka kwa mama yake, amefanya vema zaidi. Wala tusiulize kwanza amekosa nini. Mwitalia wa Uhabeshi alikuwa na makosa ya taifa lake, hata hivyo ilikuwa haki atendewe kama mtu.

Twamaliza kwa ombi. Itakapofika tarehe 3 Machi kila mwaka, twaomba katika parokia zetu litajwe katika sala neno moja kwa mateka wa Italia waliokufa katika nchi yetu, na neno moja kwa watu 11 wa Hola na wote walioteswa kambini. Yasemwe pamoja, katika Misa moja, mbele ya altare moja. Hivyo ndivyo tutakavyokuwa tumepima kwa kipimo kimoja, jambo ambalo wakubwa wa dunia hawakuliweza.

Mwenyezi Mungu awapumzishe marehemu wote wa kambi zile kwa amani. Awaponye waliobaki na makovu. Awasamehe waliotesa, na awape wote walioshika funguo moyo wa huruma. Bikira Maria, Mama Mfariji, ambaye wamisionari wetu walituletea jina lake, atuombee.

Tumsifu Yezu Kristu. Milele na milele. Amina.